Mama, Mizani Isikukatishe Tamaa

Kama uko jikoni unakuna nazi, endelea tu, mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye yake. Kama uko dukani, mwombe jirani apunguze muziki kidogo. Na nyinyi akina baba, msiondoke mkidhani haya ni ya wanawake peke yao. Nina neno lenu mbele.

Leo nataka tuzungumze juu ya mazoezi na mwili wa mwanamke. Sizungumzii kunyanyua vyuma. Nazungumzia yale mazoezi yanayoupeleka moyo mbio na kupandisha pumzi kwa muda wa kutosha: kutembea haraka, mchakamchaka, kuendesha baiskeli, kuogelea, kuruka kamba, kucheza ngoma. Kwenye majumba ya mazoezi wanayaita aerobiki, na vijana wanasema kadio. Tutatazama mambo mawili tu. La kwanza, mazoezi haya yanaufanya nini mwili wetu, yaani mafuta na misuli. La pili, yanaifanya nini kolesteroli, ambayo wengine tunaiita lehemu.

Nimechagua habari hii kwa sababu ya swali moja ambalo halinipiti wiki bila kulisikia. Linaulizwa sokoni, msibani, hata kwenye foleni ya kliniki. Dada anasema: "Nimetembea miezi mitatu. Kila alfajiri niko barabarani, umande unanilowesha miguu. Nimepanda mizani, kilo ni zile zile. Si bora ningelala?"

Je, bora angelala? Jibu langu ni hapana. Hapana kabisa. Nitaeleza kwa nini, na nitarudia neno moja mara nyingi jioni hii, kwa hiyo lishike tangu sasa: mizani haioni kiuno, na mizani haioni damu.

Tuanze na hiyo mizani. Ukipanda juu yake, inakupa namba moja. Ndani ya namba hiyo kuna mifupa, misuli, maji, mafuta, na ule wali wa mchana ambao bado uko njiani. Mizani haichambui. Wanawake wawili wanaweza kuwa na kilo sabini kila mmoja, wakawa warefu sawasawa, lakini mmoja kilo zake ni misuli ya kutosha na mafuta ya wastani, mwenzake misuli imepungua na mafuta yamejaa tumboni. Kwa mizani hao ni pacha. Kwa moyo na kwa ini, hata kidogo.

Na hapa naomba tusitukane mafuta yote. Mwanamke ameumbwa na mafuta mengi kuliko mwanamume, na hilo si kasoro. Mwanamke akikosa mafuta ya kutosha mwilini hedhi huvurugika na mimba hupata tabu kushika. Homoni yetu ya estrojeni huyapeleka mafuta nyongani, mapajani na makalioni, chini ya ngozi. Mafuta ya huko hayana ukorofi mkubwa kwa moyo. Wakorofi ni wale wa ndani kabisa ya tumbo, wanaozunguka utumbo na kujipenyeza kwenye ini. Hao ndio wanaoandamana na kisukari, presha na maradhi ya moyo.

Sasa, mama zangu mliofikia umri wa hedhi kukoma, hamjaona mabadiliko? Estrojeni inaposhuka, mafuta huhama. Mtu aliyekuwa na nyonga anajikuta na kitambi, na wala hajaongeza chakula. Gauni linabana katikati na kulegea nyuma. Wengi hujilaumu, wakadhani wamekuwa walafi. Si ulafi, ni homoni. Na wakati huo huo damu nayo hubadilika. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN uliowafuatilia wanawake wa umri wa kati kwa miaka mingi, na watafiti wake wakaona kwamba kolesteroli mbaya hupanda hasa katika mwaka ule unaozunguka hedhi ya mwisho. Kwa hiyo mwanamke aliyepimwa akiwa na miaka arobaini na kuambiwa yuko salama, asikae na karatasi hiyo mpaka sitini. Akapime tena.

Turudi kwa dada yetu na kilo zake zisizoshuka. Kwa nini hazishuki?

Sababu ya kwanza ni hesabu ya jikoni. Saa nzima ya kutembea kwa haraka, kwa mwanamke wa kilo sabini hivi, inatumia nguvu ambayo chapati moja ya kusukuma na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari vinairudisha yote. Saa nzima! Na aghalabu mtu akitoka mazoezini hushika chapati ya pili, kwa kuwa anaona ameifanyia kazi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na ushahidi wake mmoja mzuri umetoka hapa hapa Tanzania. Mnawajua ndugu zetu Wahadza, wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, baadhi yao bado wakiwinda, wakichimba mizizi, wakichuma matunda na kurina asali. Wanawake wa Kihadza hutembea kilomita kadhaa kwa siku, mtoto mgongoni, kijiti cha kuchimbia mkononi. Mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Herman Pontzer, na wenzake walikwenda kupima ni nguvu kiasi gani miili yao inatumia kwa siku. Matokeo waliyachapisha mwaka 2012. Walitegemea kukuta Wahadza wanatumia nguvu nyingi mno kuliko watu wa mijini Marekani wanaokaa kwenye viti. Hawakukuta hivyo. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nguvu inayotumika kwa siku ilikuwa karibu sawa.

Maana yake nini? Yaelekea mwili una akili ya kubana matumizi. Ukiutumikisha zaidi upande mmoja, unapunguza upande mwingine. Ndiyo maana huwezi kuchukua dakika zako za kutembea, ukazigeuza kuwa kilo, ukasema baada ya mwezi nitakuwa nimepungua kadhaa wa kadhaa. Mwili haufuati hesabu hiyo.

Lakini ngoja, usizime redio. Hao hao Wahadza walipimwa pia presha na mafuta ya damu, na watafiti waliochapisha mwaka 2017 wakasema presha ya juu ni nadra kwao na mafuta ya damu yako vizuri. Vifaa vya kupima mapigo ya moyo vilionyesha wanatumia zaidi ya saa mbili kila siku katika mwendo wa kutosha kuuchangamsha moyo. Chakula chao nacho kina mchango wake, hilo siwezi kulificha. Mizizi na matunda ya porini si chipsi mayai. Hata hivyo mnaona ninakoelekea. Mwendo unaweza usiguse kilo sana, ukagusa mambo mengine.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi sisi wa viti na madawati. Huko Dallas, Marekani, walichukuliwa wanawake 464 ambao hedhi ilikwisha koma, wanene, wasio na desturi ya mazoezi, presha yao imeanza kupanda. Wakagawanywa. Wengine waliachwa waendelee na maisha yao, wengine wakapewa mazoezi ya kutembea kwenye mashine na baiskeli za kukaa mahali pamoja, kwa viwango vitatu tofauti: kidogo, wastani na zaidi. Miezi sita. Hawakuambiwa wabadilishe chakula.

Unadhani waliofanya mazoezi mengi ndio waliopungua sana? La. Kilo zilishuka kidogo tu, na wale wa kiwango cha juu hawakuwapita wa wastani. Lakini futi ya fundi cherehani ilisema habari nyingine. Viuno vilipungua katika makundi yote matatu ya mazoezi, hata kwa wanawake ambao mizani yao haikusogea sana. Na uwezo wa moyo na mapafu kufanya kazi ulipanda kwa wote, hata wale waliofanya dakika sabini na kitu tu kwa wiki. Dakika sabini kwa wiki, mama! Hizo ni dakika kumi kwa siku.

Ndiyo maana nasema, na nitasema tena: mizani haioni kiuno.

Kiuno hiki si jambo la urembo, kinahusu moyo. Miaka ya 1950 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva anakaa siku nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Matokeo yaliyotoka mwaka 1953 yalionyesha makonda wanaugua moyo kidogo kuliko madereva. Baadaye yeye na wenzake wakachungulia hata vipimo vya sare zao, na kweli suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni. Kisha likaja la kushangaza zaidi: hata ukimlinganisha konda mnene na dereva mnene, konda bado alikuwa na nafuu. Ngazi zilimsaidia hata pale ambapo hazikumkondesha. (Konda wetu wa daladala sijui tumweke wapi, yeye anasimama na kupiga kelele, lakini ngazi hana.) Wale wote walikuwa wanaume, na kwa miaka mingi habari za moyo zilisomwa kwa wanaume, wanawake tukaambiwa tusubiri. Ndiyo maana utafiti kama ule wa Dallas nauthamini.

Haya, kama una futi nyumbani, jipime kiuno. Simama wima, toa pumzi kawaida, usijibane, pita katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamke, ukivuka sentimita 80 hatari huanza kuongezeka, na ukivuka 88 huongezeka zaidi. Andika namba hiyo nyuma ya kalenda. Hiyo ndiyo namba ya kufuatilia.

Sasa tuingie kwenye damu, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ndipo wengi hudanganyana.

Kolesteroli si sumu. Mwili wenyewe huitengeneza, ikiwemo kwenye ini, na huitumia kujengea kuta za chembe na kutengenezea homoni, ikiwemo hiyo estrojeni. Tatizo ni kwamba mafuta hayachangamani na maji, na damu ni ya majimaji. Kwa hiyo ini huyafunga mafuta katika vifurushi vidogo ndipo yasafiri. Chukulia ni malori ya mizigo. Lori la LDL linapeleka kolesteroli sehemu za mwili. Malori hayo yakizidi barabarani, mzigo humwagika kwenye kuta za mishipa, mishipa ikaziba, ndipo shambulio la moyo na kiharusi. Lori la HDL linazoa mabaki na kuyarudisha kwenye ini. Ndiyo hayo mnayosikia yakiitwa kolesteroli mbaya na kolesteroli nzuri. Na kuna mafuta mengine yanayoitwa trigliseraidi, ambayo ni nishati ya akiba, na hupanda sana kwa watu wanaokula wanga na sukari nyingi, na kwa wenye kitambi. Ukipewa majibu ya kipimo utakuta namba nne: jumla, LDL, HDL na trigliseraidi.

Swali: mazoezi ya kuhema yanagusa namba ipi?

Trigliseraidi huitikia kwanza, na huitikia vizuri. Misuli inapofanya kazi huhitaji mafuta ya kuchoma, na kwenye vijishipa vyake kuna kimeng'enya kinachoyang'oa mafuta hayo kutoka kwenye damu. Mazoezi hukichochea kimeng'enya hicho. Mwanamke akitembea kwa nguvu leo jioni, kesho baada ya mlo mafuta kwenye damu yake hayapandi kama ambavyo yangepanda. Kesho tu! Huhitaji kungoja miezi sita.

Lakini, na hili ndilo lenye uzito, faida hiyo haikai. Siku mbili tatu bila mazoezi, inayeyuka. Ndiyo maana katika jambo hili neno kubwa ni desturi, si nguvu. Mwanamke anayetembea nusu saa mara tano kwa wiki anamshinda anayejiua Jumapili moja kwa saa tatu kisha akapumzika mpaka mwezi uandame.

Mtakumbuka mwezi Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipotangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa taifa. Ni jambo jema. Watu huonana, fulana huvaliwa, viongozi hupigwa picha, na mtu aliyekuwa anaona haya kukimbia anajikuta yuko katikati ya wenzake. Lakini mimi nitasema wazi: mara moja kwa mwezi ni gwaride, bado si mazoezi. Damu haijui Jumamosi ya pili. Jumamosi hiyo iwe ya kuhamasishana, na siku nyingine ziwe za kazi.

Namba ya pili ni HDL, ile nzuri. Nayo hupanda, ila polepole na kidogo. Watafiti wa Kijapani walikusanya majaribio mengi pamoja mwaka 2007 wakakuta ongezeko la wastani la kama miligramu mbili na nusu kwa desilita. Si nyingi. Kilichonivutia ni kwamba walikuta mtu anahitaji angalau dakika 120 kwa wiki ndipo namba hiyo isogee, na kwamba urefu wa muda ulikuwa na maana kuliko ukali wa mazoezi. Ukikimbia kama unafukuzwa na nyuki kwa dakika kumi, HDL haikujali sana. Ukitembea haraka dakika arobaini, inakujali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, nao walifikia hapo hapo miaka mitano kabla: wingi wa mazoezi ndio uliobadilisha mafuta ya damu, kuliko ukali wake.

Na LDL, ile mbaya? Hapa ndipo nataka kusema kweli hata kama itawaudhi wenye majumba ya mazoezi. Mazoezi peke yake hayaishushi LDL sana. Nasema tena, maana nimesikia watu wameacha dawa kwa sababu wameanza mchakamchaka: mazoezi peke yake hayaishushi LDL sana. Wale wa Duke waliona kitu cha kutia moyo, kwamba kwa waliofanya mazoezi mengi vile vifurushi vidogo vidogo vya LDL, ambavyo hudhaniwa kuwa na madhara zaidi, vilipungua, ingawa jumla ya LDL ilibaki pale pale. Lakini jumla ilibaki pale pale.

Basi tufanyeje? Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, California. Walikuwemo wanaume, na walikuwemo wanawake 180 waliokwisha koma hedhi, wenye HDL ya chini na LDL ya juu. Mwaka mzima. Kundi moja lilipunguza mafuta kwenye chakula, kundi la pili lilifanya mazoezi, la tatu likafanya yote mawili, la nne likaachwa. Waliopunguza mafuta tu, LDL haikushuka kwa kiasi cha kutegemewa. Waliofanya mazoezi tu, vivyo hivyo. Waliofanya yote mawili, ikashuka. Sufuria na raba kwa pamoja.

Mnaona sasa? Kwa hiyo huwezi kutoka ufukweni alfajiri umelowa jasho, ukarudi nyumbani ukakaanga mandazi kwenye mafuta yaliyokwisha kaangiwa samaki jana na juzi. Na hapa watu wa Pwani wenzangu mtanisamehe. Tui la nazi tunalipenda, mimi pia nalipenda, samaki wa kupaka bila tui zito anakuwa mgonjwa. Lakini mafuta ya nazi, samli, mawese, na mafuta ya nyama ni katika yale yanayoipandisha LDL. Sisemi tuyahame makwetu. Nasema wali wa nazi uwe wa Ijumaa, usiwe wa kila siku. Tui la pili badala ya la kwanza. Kunde, choroko na maharage mara nyingi zaidi. Na kikaango kipumzike. Walaji wa mawese wa kule Kigoma na Kongo nanyi mmenisikia.

Na aliyeandikiwa dawa za kushusha kolesteroli asiziache kwa kuwa amenunua raba. Aende na majibu yake kwa daktari, wazungumze. Wapo watu ambao LDL yao iko juu kwa kurithi, na hao hata wakikimbia mpaka Bagamoyo bado wanahitaji dawa.

Nisiwe nimewachosha. Tupite haraka kwenye kiasi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au nusu ya hizo kama ni mwendo mkali. Si lazima ziwe mfululizo; dakika kumi kwenda kituoni na kumi kurudi zinahesabiwa. Utajuaje kama mwendo wako ni wa wastani? Unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba beti zote, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuitikia salamu, punguza. Na siku mbili kwa wiki fanya kitu cha kuitumikisha misuli, kama kuchuchumaa na kuinuka au kunyanyua madumu ya maji, kwa sababu aerobiki ni bingwa wa kupunguza mafuta lakini si bingwa wa kuongeza misuli, na sisi wanawake misuli hutupungukia kadiri umri unavyokwenda. Lakini kubinua tumbo mara mia ili kitambi kitoke, hapana. Mafuta hayatoki mahali unapopakunja.

Sasa bibi anayenisikiliza kutoka Mbozi, aliyelima kwa jembe la mkono tangu alfajiri, atacheka. Una haki, bibi. Haya si yako. Wewe dakika zako 150 unazimaliza Jumatatu. Haya ni ya binti yako aliyehamia mjini, anayekaa kwenye genge kutoka asubuhi hadi usiku, au ofisini mbele ya kompyuta, au nyumbani na msaidizi wa kazi. Anapanda bodaboda kwenda mtaa wa pili. Huyo ndiye ninayemfuata.

Na huyu ana vikwazo ambavyo wanaume hawavijui. Akitoka alfajiri anaogopa vibaka. Akitoka jioni vijana wa kijiweni wanamhesabia hatua. Akivaa suruali anasemwa, akivaa dera linamkwaza miguu. Na akipungua kweli, ndiyo balaa! "Umekonda, una nini? Ndoa imekushinda?" Sisi tumelelewa kumsifu aliyenenepa, kwamba amenawiri, kwamba mume anamtunza. Na waliokuwa wakubwa miaka ya tisini wanakumbuka jinsi kukonda kulivyosomwa kama dalili ya UKIMWI. Woga ule bado haujaondoka. Nimewaona wanawake wameacha mazoezi yaliyokuwa yanawafaa, si kwa kuchoka, ila kwa maneno ya jirani.

Dawa ya haya niliyoiona ikifanya kazi ni kikundi. Unguja wametutangulia, vikundi vya mazoezi vya mitaani viko vingi, na wanawake wamo, wamejisitiri, wanakimbia na kuimba kama mchakamchaka wa shule. Dar es Salaam Jumamosi asubuhi nenda Coco Beach utawaona. Mombasa, ufukweni pale Mama Ngina, jioni akina mama wanatembea kwa makundi huku mazungumzo yanaendelea. Wanawake wanne au watano wa mtaa mmoja wanatosha. Na kama kutoka hakuwezekani, funga mlango, washa muziki, ucheze. Chakacha ya nusu saa iliyochezwa sawasawa itakutoa jasho na kukupandisha pumzi. Moyo hauulizi kama ulikuwa uwanjani au sebuleni.

Mwenye maumivu ya kifua, mwenye kuzimia, mwenye presha iliyo juu bila dawa, aanzie kwa daktari. Mjamzito amuulize mkunga wake. Mara nyingi kutembea kunaruhusiwa na kunafaa.

Na lile neno la akina baba. Bwana, mkeo akikuambia anataka nusu saa ya kutembea, anakuomba muda, na muda wa nyumbani anao nani kama si nyinyi wawili? Osha vyombo siku hizo. Kaa na mtoto. Bora zaidi, vaa raba utoke naye, maana kitambi chako nacho tumekiona. Na akianza kupungua kiunoni, uwe wa kwanza kumwambia amependeza, kabla mtaa haujamwambia amekonda.

Wewe dada uliyeniuliza kama bora ungelala: kesho ondoka kama kawaida. Kisha wiki hii nenda kituo cha afya chenye maabara, omba kipimo cha mafuta ya damu chenye zile namba nne, na karatasi yake uiweke pamoja na namba ya kiuno chako. Baada ya miezi sita rudi ukapime tena, ulinganishe karatasi mbili. Hiyo mizani mpe muuza nyama.